Uzito, Kimo na Afya ya Mama: Somo la Kipimo kwa Wanawake wa Mara



Mama aendapo zahanati siku hizi hupandishwa juu ya mizani, kisha husimamishwa ukutani apimwe kimo. Mwuguzi huandika tarakimu mbili, hupiga hesabu kidogo, kisha huandika tarakimu ya tatu. Mara nyingi mama haambiwi maana ya tarakimu hiyo ya tatu. Hulichukua daftari lake, hurudi nyumbani, wala hajui kama ameandikiwa habari njema au onyo.

Somo letu la mwezi huu lahusu tarakimu hiyo. Waganga huiita BMI. Sisi tutaiita kipimo cha uzito kwa kimo. Twataka kila mama aweze kuihesabu mwenyewe, aijue maana yake, tena aujue mpaka wake. Maana kipimo hiki ni kama taa: chaonyesha njia, lakini hakimwambii mtu yote yaliyomo nyumbani.

I. Kwa nini macho hayatoshi?

Yamkini mtu atauliza, “Je, mtu mnene na mtu mwembamba si huonekana kwa macho? Hesabu ya nini?” Swali hili ni jema, na jibu lake ni hili: macho yetu yamezoea, na mazoea hudanganya.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki unene umehesabiwa tangu zamani kuwa dalili ya kushiba na heshima ya nyumba. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, watu husema mumewe amtunza vema. Akikonda, hunong'onezana. Minong'ono hiyo ilizidi tangu mwaka 1983, ugonjwa wa UKIMWI ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu, mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Ndugu zetu wa Uganda waliuita ugonjwa ule Slim, maana yake wembamba. Tangu siku zile wanawake wengi waogopa kukonda kuliko wanavyoogopa kunenepa. Yuko mama aliyeshauriwa na mganga apunguze uzito kwa ajili ya moyo wake, naye huitika tu, kisha asifanye neno, kwa kuwa aogopa majirani watasema, “Tazameni, ameanza kuisha.”

Lakini mambo yamebadilika. Leo mwenye virusi anayetumia dawa zake sawasawa huwa na mwili kama watu wengine, na wengine hunenepa hata wakashauriwa kupunguza uzito. Tena asiye na virusi aweza kukonda kwa njaa, au kwa kifua kikuu, au kwa ugonjwa wa sukari wenyewe. Basi unene si cheti cha afya, wala wembamba si hukumu. Kipimo cha damu ndicho kishuhudiacho virusi. Na katika habari ya uzito, yafaa tuache minong'ono, tushike mizani na futi.

II. Hatari mbili katika nchi moja

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2015 hata 2016, wanawake wa umri wa miaka 15 hata 49 walipimwa uzito na kimo. Ilionekana kwamba katika kila wanawake 100, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na wapatao 10 walikuwa wembamba kupita kiasi. Zamani kidogo, mwaka 2012, uchunguzi mwingine wa watu wazima ulionyesha kwamba katika kila watu 100, wapatao 26 walikuwa na shinikizo kubwa la damu, ndiyo presha, na wapatao 9 walikuwa na ugonjwa wa sukari. Magonjwa haya mawili hupenda kufuatana na uzito uliozidi.

Angalieni basi: hatari ni mbili, nazo zaishi pamoja. Zaweza hata kuwa katika ukoo mmoja. Mama mkwe akaa Musoma mjini, ana meza yake ya biashara. Hukaa kitini tangu asubuhi hata jioni, hunywa chai ya sukari na maandazi, na jioni hurudi kwa pikipiki. Mke wa mwanawe akaa kijijini upande wa Butiama. Huamka kabla ya jua, hulima, huteka maji, huchanja kuni, hunyonyesha, na chakulani hula mwisho, watu wote wakiisha kula. Wa kwanza husifiwa kwa unene wake, na wa pili husifiwa kwa bidii yake. Wote wawili wamo hatarini, wala hakuna awaonyaye.

III. Kipimo hiki kilitoka wapi?

Ni vizuri kujua asili ya kitu kabla ya kukitumaini. Aliyekibuni alikuwa Mbelgiji, jina lake Adolphe Quetelet, aliyeishi tangu 1796 hata 1874. Huyu hakuwa mganga. Alikuwa mtu wa elimu ya nyota na ya hesabu, naye katika miaka ya 1830 alitaka kujua jinsi mwili wa mtu wa kadiri ulivyo. Akaona kwamba kwa watu wazima uzito hufuata kimo kilichozidishwa kwa kimo chenyewe. Hakukusudia kuwapima wagonjwa.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1972, mtaalamu wa Marekani jina lake Ancel Keys pamoja na wenzake walikijaribu kipimo hicho, wakakipa jina lake la sasa. Watu waliopimwa walikuwa zaidi ya 7,000, kutoka nchi tano, nao wote walikuwa wanaume. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaweka mipaka itumikayo leo kwa wanaume na wanawake pia. Nimeyaeleza haya si ili mkidharau kipimo, maana uchunguzi mwingi uliofuata umewapima wanawake vilevile, na umeonyesha kwamba chafaa. Nimeyaeleza ili mjue kwa nini mwanamke hana budi kukisoma kwa uangalifu, kama tutakavyoona mbele.

IV. Namna ya kupima

Kwanza uzito. Vua viatu, kitenge kizito na mkoba. Mtoto ashushwe mgongoni. Wakati ulio bora ni asubuhi, kabla ya kula, umekwisha kwenda haja. Mizani na iwe juu ya sakafu ngumu, si juu ya mkeka wala udongo laini. Kama waishuku mizani, ijaribu hivi: jipime, ukaandike, kisha jipime tena umeshika dumu lililojaa lita 20 za maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi tarakimu yapasa kuongezeka kilo 20 na kidogo kwa ajili ya dumu lenyewe. Ikiongezeka kilo 15 au 25, mizani hiyo ni ya uongo.

Pili kimo. Simama bila viatu wala kilemba, visigino na mgongo vimegusa ukuta, macho yatazame mbele. Mwenzako aweke kitabu kigumu juu ya kichwa, kikae sawa kama rafu, atie alama ukutani chini ya kitabu. Kisha pima tangu sakafuni hata alama kwa futi ya fundi cherehani. Andika kwa meta: sentimeta 160 ni meta 1.60. Usikadirie kimo kwa macho, maana kosa dogo la kimo huleta kosa kubwa katika hesabu.

V. Namna ya kuhesabu

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua kimo chako kwa meta, ukizidishe kwa chenyewe. Kisha chukua uzito wako kwa kilo, uugawanye kwa jibu ulilopata. Mwenye simu ya mkononi atapata ndani yake kikokotoo cha kumsaidia. Na tutazame mifano mitatu.

Mfano wa kwanza. Tuseme mama mchuuzi wa samaki wa Musoma ana kimo cha meta 1.60 na uzito wa kilo 77. Zidisha 1.60 kwa 1.60, utapata 2.56. Gawanya 77 kwa 2.56, utapata 30.1.

Mfano wa pili. Tuseme mama mkulima wa Butiama ana kimo cha meta 1.58 na uzito wa kilo 44. Zidisha 1.58 kwa 1.58, utapata 2.50 hivi. Gawanya 44 kwa 2.50, utapata 17.6.

Mfano wa tatu. Tuseme mwalimu wa shule huko Bunda ana kimo cha meta 1.65 na uzito wa kilo 60. Zidisha 1.65 kwa 1.65, utapata 2.72. Gawanya 60 kwa 2.72, utapata 22 hivi.

VI. Maana ya tarakimu

Mipaka ya Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni hii:

Chini ya 18.5: uzito umepungua.
Tangu 18.5 hata 24.9: uzito wa kiasi.
Tangu 25 hata 29.9: uzito umezidi.
Tangu 30 na kuendelea: unene wa kupita kiasi.

Basi mama wa Musoma amefika mlangoni pa unene wa kupita kiasi. Mama wa Butiama uzito wake umepungua. Na mwalimu wa Bunda yumo katika kiasi. Kwa ajili ya wale wasiopenda hesabu, huu hapa uzito wa kiasi kwa vimo vitano:

Kimo cha meta 1.50: kilo 42 hata 56.
Kimo cha meta 1.55: kilo 45 hata 59.
Kimo cha meta 1.60: kilo 48 hata 63.
Kimo cha meta 1.65: kilo 51 hata 67.
Kimo cha meta 1.70: kilo 54 hata 72.

Mwaona ya kuwa nafasi ni pana. Wanawake wawili wa kimo kimoja waweza kuachana kwa kilo 14 au zaidi, na wote wawili wakawa salama. Kwa hiyo msichana mwembamba asichekwe, wala mama mwenye mwili asidhihakiwe, kabla ya kupimwa.

Sasa hatari ni zipi? Uzito ukizidi, huongezeka ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu, kiharusi, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti. Kwa wanawake huongezeka pia kansa ya mji wa mimba, na kansa ya matiti kwa wale waliokwisha kukoma hedhi. Wakati wa mimba huongezeka sukari ya mimba, kifafa cha mimba, na kujifungua kwa kupasuliwa. Uzito ukipungua mno, mwili hukosa akiba: hedhi yaweza kukoma, damu hupungua, mifupa hudhoofika, na mama huelekea kuzaa mtoto mdogo, wa uzito chini ya kilo 2.5, ambaye maisha yake huanza kwa shida.

VII. Mambo ambayo mwanamke hana budi kuyajua zaidi

La kwanza: mwili wa mwanamke una mafuta zaidi kuliko wa mwanamume, hata kama tarakimu zao ni sawa. Hili si ugonjwa, ni maumbile yake, kwa ajili ya kuzaa na kunyonyesha. Mafuta yakaayo mapajani na nyongani hayana hatari kubwa kama yale yakaayo tumboni.

La pili: mwenye mimba asitumie mipaka tuliyoitaja. Uzito wake ni pamoja na mtoto, maji na kondo. Tarakimu ifaayo ni ile ya kabla ya mimba. Wataalamu wa Marekani walitoa mwaka 2009 mwongozo wa uzito wa kuongezeka kwa mwenye mimba ya mtoto mmoja: aliyekuwa amepungua, kilo 12.5 hata 18; aliyekuwa katika kiasi, kilo 11.5 hata 16. Aliyezidi, kilo 7 hata 11.5, aliyenenepa kupita kiasi, kilo 5 hata 9. Kwa sababu hiyo yafaa msichana aliyeolewa aujue uzito wake mapema, kabla ya mimba ya kwanza. Na yeye anyonyeshaye asijinyime chakula ili apungue upesi. Ahitaji chakula zaidi ya desturi yake, si pungufu.

La tatu: wasichana chini ya miaka 20 hawapimwi kwa mipaka hii. Wao wangali wakikua, nao wana jedwali lao la umri katika kliniki.

La nne: mama mzee hupungua nyama za mwili na hata kimo. Tarakimu yake yaweza kuonekana njema, na kumbe mikono na miguu imekwisha nguvu. Kwake yafaa kutazama kama aweza kuinuka kitini bila kushikwa, na kama nguo zake zimeanza kumpwaya.

La tano: mwanamke afanyaye kazi nzito ya mikono aweza kuwa na uzito wa nyama ngumu, si wa mafuta. Na mwingine aweza kuwa na uzito wa maji: miguu imevimba, kidole kikibonyeza huacha shimo. Huyo asihesabu kitu, bali aende kwa mganga upesi, maana moyo au figo zaweza kuwa na ugonjwa.

La sita: sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Aonaye hivyo asiiache kimya kimya. Amwulize mwuguzi, maana ziko njia nyingine.

Kwa ajili ya mambo kama haya, mwezi wa Januari 2025 jamii ya wataalamu kutoka nchi nyingi walitangaza katika jarida la Lancet la maradhi ya sukari ya kwamba kipimo cha uzito kwa kimo kisitumiwe peke yake kumhukumu mtu kuwa mgonjwa wa unene. Wakashauri kipimo cha kiuno na mambo mengine yaongezwe.

VIII. Futi ya fundi kiunoni

Basi na tujifunze kipimo hicho cha pili, nacho ni rahisi kuliko cha kwanza. Simama, pumua nje kwa utulivu. Tafuta kwa vidole mwisho wa mbavu, na juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo zungusha futi, isilegee wala isikaze. Kwa mwanamke, sentimeta 80 ni mahali pa kuanza kujiangalia. Sentimeta 88 na zaidi ni onyo kubwa. Kanuni nyepesi ni hii: kiuno kisifike nusu ya kimo. Mwenye kimo cha sentimeta 160, kiuno chake kisifike 80.

Mama aliye na tarakimu ya 26 na kiuno chembamba hana sababu ya kutishika. Lakini mama aliye na tarakimu ya 24, na tumbo lake limetangulia, asijisifu. Na apimwe shinikizo la damu na sukari. Hivyo vipimo viwili husaidiana kama mashahidi wawili.

IX. Basi tufanye nini?

Kwa aliyezidi uzito. Msikate tamaa kwa kuwa mwendo ni mrefu. Faida huanza karibu. Mwaka 2002 huko Marekani ulitangazwa uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 waliokaribia ugonjwa wa sukari. Wengi wao walikuwa wanawake. Waliofundishwa kupunguza yapata kilo 7 katika kila kilo 100 za uzito wao, na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa juma, waliupata ugonjwa kwa kadiri iliyopungua 58 katika 100 kuliko wale ambao hawakufundishwa hivyo wala kupewa dawa. Mama yetu wa kilo 77 ahitaji kupunguza kilo 5 na kidogo tu ili aingie katika faida hiyo. Tarakimu yake itakuwa 28. Bado imezidi, lakini moyo wake utakuwa umepumzika.

Tena njia yenyewe haihitaji fedha nyingi. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari yapata vijiko 8 vya chai au zaidi. Maji hayana hata kimoja. Mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya unga kwa uzito ule ule. Basi sato wa kuchemsha ni bora kuliko sato aliyezama katika mafuta. Ugali upunguzwe, mchicha, matembele na majani ya kunde yaongezwe, na dagaa wakae mahali pao. Aliye na duka au meza asimame, atembee. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa juma, zatimiza zile 150. Walakini jihadharini na wauzao dawa za kukondesha kwa siku chache. Mwili uliokusanya kwa miaka haupungui salama kwa juma moja.

Kwa aliyepungua uzito. Mama wa kilo 44 katika mfano wetu ahitaji kilo 2 na kidogo tu ili avuke mpaka wa 18.5. Si mlima. Ugali wa udaga peke yake hujaza tumbo, lakini haujengi mwili vema. Auongezee dagaa, maharage, karanga, maziwa, na uji wa ulezi katikati ya siku. Na kama uzito umeshuka pasipo yeye kutaka, asinunue chakula tu. Aende akapimwe kifua kikuu, sukari, virusi, minyoo na upungufu wa damu. Kukonda kusiko na sababu ni ujumbe wa mwili, na ujumbe hupasa kusomwa.

Sasa neno kwa waume, maana somo hili si la mama peke yao. Mwanamke hawezi kuongeza kilo mbili katika nyumba ambayo yeye hula makombo. Mume atazame sufuria kabla ya kunawa mikono: je, sehemu ya mama watoto imebaki? Tena atazame mzigo wa maji na kuni. Kama iko baiskeli au punda, kwa nini kichwa cha mama ndicho kibebe? Na mume wa mama aliyezidi uzito asimcheke, wala asimzuie kutembea jioni, wala asiseme, “Ukikonda utaniaibisha.” Aibu kubwa ni kumzika mke kwa kiharusi hali mlikuwa mmekwisha kuonywa.

Neno kwa vyama vya wanawake katika sharika: mizani moja na futi moja vyatosha watu wengi. Siku ya kukutana, wanaotaka wapimwe, mara moja kwa miezi mitatu, kila mmoja aandike katika daftari lake mwenyewe. Tarakimu ya mtu ni siri yake. Isisomwe kwa sauti, wala isilinganishwe na ya mwenzake. Linganisha tarakimu yako ya leo na yako ya mwaka jana. Ipandapo au ishukapo mwaka hata mwaka, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko tarakimu ya siku moja.

Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliwafundisha watu wa nchi hii kwamba adui zao ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Maadui hawa hupigana bega kwa bega. Umaskini humkondesha mama wa shambani; maradhi humvizia mama wa mjini; na ujinga huwafunga wote wawili macho, mmoja asiione hatari yake kwa kuwa asifiwa, na mwingine kwa kuwa amezoea. Umaskini hauondoki kwa futi ya fundi. Lakini ujinga huu mmoja waweza kuondoka juma hili, kwa mizani, ukuta na kalamu.

Maswali ya kujifunzia

1. Mama ana kimo cha meta 1.55 na uzito wa kilo 65. Tarakimu yake ni ngapi, naye yumo katika fungu gani? (Jibu: 27.1, uzito umezidi.)
2. Kwa nini mwenye mimba asitumie mipaka ile minne?
3. Mama wawili wana tarakimu ya 27. Mmoja ana kiuno cha sentimeta 78, wa pili 92. Ni yupi apaswaye kwenda kupimwa upesi, na kwa nini?
4. Kwa nini unene au wembamba hauwezi kushuhudia kama mtu ana virusi vya UKIMWI?
5. Katika nyumba yako, nani hula mwisho? Na sufuria huwa na nini wakati huo?

Swali la tano halina jibu katika karatasi hii. Kila mmoja na alijibu nyumbani kwake, jioni ya leo.